Pumzi, Simu na Darasa: Namna ya Kutumia Programu ya Simu Kufundishia Kupumua Polepole

1. Utangulizi

Kiswahili kimeliweka jambo la makala haya katika familia moja ya maneno. Mtu hupumua, hewa aivutayo na kuitoa ni pumzi, akichoka hupumzika, na katikati ya asubuhi wanafunzi wetu hutoka nje kwa mapumziko. Aliyeokoka katika shida husemwa kuwa ameshusha pumzi, na aliyejawa na hofu husemwa kuwa roho yake iko juu juu. Waliotuachia maneno haya walikwisha kutambua, kabla ya maabara yoyote, kwamba kupumua na kutulia ni mambo yaliyo jirani.

Siku hizi ziko programu za simu zinazomwongoza mtu kupumua polepole ili atulie. Walimu wanachuo wengi wanazo simu zenye uwezo wa kuzipokea programu hizo, na katika Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye. Chombo basi kimekwisha kutufikia mkononi. Swali linalobaki ni la mbinu: chombo hiki chafaa nini kwa mwalimu wa shule ya msingi, na kitumikeje katika darasa lenye watoto themanini na simu moja?

Swali hili si dogo. Yuko mtoto ajuaye kusoma vizuri akiwa nyumbani, lakini aitwapo mbele ya wenzake sauti humkauka. Yuko mtahiniwa ambaye husahau katika chumba cha mtihani yale aliyoyajua jana yake. Na yuko mwalimu ambaye kati ya kukasirika kwake na kuinuka kwa mkono wake haipiti hata nukta moja. Wote watatu pumzi zao huwa zimepanda kifuani. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mwanachuo awasaidie wawili wa kwanza, na asiwe yeye mwenyewe huyo wa tatu.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua kwanza

Mwalimu hafundishi vema jambo asilolielewa. Kwa hiyo tuanze na mwili.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hupumua kwa kasi zaidi, takriban mara 18 hadi 25. Kazi hii huongozwa hasa na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, mapafu hupanuka na hewa huingia. Kikipanda, hewa hutoka. Ndiyo sababu mtu apumuaye vizuri tumbo lake huinuka na kushuka, na mtu mwenye hofu huinua mabega.

Kupumua kuna tabia isiyopatikana katika kazi nyingine nyingi za ndani ya mwili. Huendelea kwenyewe hata tukilala, lakini pia twaweza kukuongoza kwa hiari yetu. Hatuwezi kuuamrisha moyo upige polepole, wala kuliamrisha tumbo lisage chakula. Pumzi twaweza kuiamrisha. Na kwa kupitia pumzi, moyo nao hufikiwa, kwa maana tuvutapo pumzi mapigo ya moyo huongezeka kasi kidogo, na tuitoapo hupungua. Kazi ya kupunguza kasi hiyo hufanywa na neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo hutoka katika ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Hivyo basi, anayerefusha utoaji wa pumzi humpa neva huyo nafasi zaidi ya kufanya kazi yake ya kutuliza.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1975 Herbert Benson, tabibu wa moyo wa Marekani, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba kama vile mwili ulivyo na namna ya kujiandaa kupigana au kukimbia, ndivyo ulivyo pia na namna ya kutulia, na kwamba namna hii ya pili yaweza kuzoezwa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walionyesha katika jarida la tiba la BMJ kwamba watu waliokariri sala ya rozari kwa Kilatini, au maneno ya yoga, walijikuta wakipumua takriban mara 6 kwa dakika, na kwamba mwendo huo uliyapatanisha vizuri mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Watu hao hawakuwa na chombo chochote cha kuwahesabia. Mwalimu na alishike jambo hili, maana litamfaa tutakapofika darasani: kinachotuliza ni mwendo wenyewe wa pumzi, simu ni kipima mwendo tu.

3. Programu ya simu na namna ya kuichagua

Programu nyingi za aina hii hufanana. Katika kioo cha simu huonekana duara au ua. Duara likipanuka, mtumiaji huvuta pumzi, likisinyaa, huitoa. Nyingine hutoa sauti, na nyingine hutetemesha simu mkononi ili mtu aweze kufuata akiwa amefumba macho. Mwaka 2016 kampuni ya Apple iliweka programu ya namna hii katika saa zake za mkononi. Shirika la Sesame Workshop nalo liliandaa programu kwa ajili ya watoto wadogo, ambamo mtoto humsaidia kiumbe wa katuni kutulia kwa kumgusagusa tumbo ili apumue.

Mwalimu anapochagua programu, na ajiulize maswali haya matano:

(a) Je, hufanya kazi bila mtandao? Programu idaiyo mtandao kila mara humgharimu mwalimu fedha za bando, na shule nyingi za vijijini hazina mtandao wa kutegemewa.

(b) Je, hesabu zake zaweza kubadilishwa? Programu inayomlazimisha kila mtu kuvuta pumzi kwa hesabu ya 5 au zaidi haimfai mtoto wa darasa la pili.

(c) Je, humtaka mtumiaji kuzuia pumzi kwa muda mrefu? Kama ndiyo, na iachwe. Kuzuia pumzi si sehemu ya lazima ya zoezi hili.

(d) Je, ina matangazo ya biashara? Tangazo likijitokeza katikati ya zoezi huharibu utulivu wote uliopatikana, na pengine huwa halifai machoni pa watoto.

(e) Je, hudai habari za mtumiaji? Jina la mtoto, umri wake au picha yake visiingizwe kamwe katika programu ya namna yoyote bila idhini ya mzazi na ya uongozi wa shule.

Programu iliyo rahisi kuliko zote, yenye duara na hesabu tu, mara nyingi ndiyo bora. Muziki, picha za bahari na sauti za ndege ni mapambo.

4. Mwalimu ajifunze kwanza

Katika muda wa wiki mbili kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, mwanachuo na afanye zoezi lifuatalo mara moja kila siku, kwa dakika 5.

Aketi wima bila kujikaza, nyayo zikiwa sakafuni. Aweke kiganja kimoja tumboni. Aiweke programu katika hesabu ya 4 kwa kuvuta na 6 kwa kutoa. Pumzi moja hivyo huchukua nukta 10, na dakika moja hupata pumzi 6. Avute kwa pua, taratibu, bila kujijaza hewa kupita kiasi. Atoe kwa pua au kwa mdomo uliofumbuka kidogo, kama apulizaye uji wa moto bila kuumwaga. Kiganja cha tumboni ndicho mkaguzi: kikiinuka na kushuka, kazi inakwenda sawa.

Wanaoanza hukosea zaidi kwa kupumua kwa nguvu. Husikia neno "vuta pumzi" wakavuta kama wanaotaka kuzama mtoni. Mtu apumuaye kwa nguvu na kwa haraka hutoa kabonidayoksaidi nyingi mno katika damu, kisha huona kizunguzungu, na vidole vyake huanza kuwashawasha kama vinavyochomwa na sindano. Dawa yake ni kuliacha zoezi na kurudi katika kupumua kwa kawaida. Neno la kukumbuka ni "polepole", wala si "kwa nguvu".

Baada ya wiki ya kwanza, mwanachuo na aanze kuiacha simu. Aitazame kwa dakika moja, kisha aigeuze kifudifudi na kuendelea kwa hesabu ya moyoni. Mwishoni mwa wiki ya pili awe anaweza kuushika mwendo huo bila simu kabisa. Hapo ndipo simu itakuwa imemaliza kazi yake ya kwanza.

Mwanachuo aliyefika hapo amepata pia kinga yake mwenyewe. Mtoto akimjibu kwa jeuri, au daftari likirudi tupu kwa mara ya tatu, apumue mara tatu za polepole kabla ya kusema neno. Pumzi tatu za nukta 10 ni nusu dakika. Wahenga walisema hasira hasara. Nusu dakika hiyo ndiyo bei ya kuiepuka hasara. Mwalimu aliyesimama kimya kwa nusu dakika hapotezi heshima mbele ya darasa. Mara nyingi huiongeza, na watoto humwona mtu mzima akiitawala hasira yake, jambo ambalo baadhi yao hawajapata kuliona popote.

5. Kutoka simu hadi darasani

Katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na hata kama wangeruhusiwa, kioo cha simu moja hakitazamiki na watoto themanini. Mwalimu asiizungushe simu dawati kwa dawati, maana darasa litageuka soko. Badala yake, na auhamishe mwendo alioujifunza katika zana ambazo darasa zima huziona au huzisikia. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni mkono. Mwalimu husimama mbele, huinua mkono polepole kwa hesabu ya kuvuta, na huushusha kwa hesabu ya kutoa.

Ya pili ni ubao. Mwalimu huchora kilima chenye mwinuko mfupi na mteremko mrefu, kisha hupitisha kijiti juu yake. Watoto huvuta pumzi wakipanda kilima na huitoa wakiteremka. Mchoro huu una faida ya kubaki ubaoni, na mtoto aweza kuuchora katika daftari lake na kuufuata kwa kidole wakati wa mtihani.

Ya tatu ni sauti. Mwalimu hugonga meza kwa kidole, au hupiga ngoma ndogo kwa upole, pigo moja kwa kila nukta.

Hesabu za watoto ziwe fupi kuliko za mtu mzima. Kwa madarasa ya kwanza na ya pili yafaa kuvuta kwa 2 na kutoa kwa 3. Kwa madarasa ya juu, kuvuta kwa 3 na kutoa kwa 4 au 5. Zoezi lisizidi dakika 2 kwa wadogo na dakika 3 kwa wakubwa. Wakati ufaao ni baada ya mapumziko watoto warudipo wakihema, kabla ya jaribio, na kabla ya kusoma kwa sauti mbele ya wenzao.

6. Mfano wa andalio la somo

Darasa: la tano. Somo: Sayansi. Mada: Kupumua. Muda: dakika 40.

Shabaha: Mwisho wa kipindi mwanafunzi aweze (i) kuhesabu mara apumuazo kwa dakika, (ii) kueleza kazi ya kiwambo, (iii) kupumua polepole kwa dakika 2 bila kujilazimisha.

Zana: saa yenye mshale wa nukta au simu ya mwalimu, ubao, chaki, daftari.

Hatua ya kwanza, utangulizi (dakika 5). Mwalimu auliza: "Ni kazi gani ambayo mwili wako umeifanya tangu ulipozaliwa bila kupumzika?" Apokee majibu mbalimbali, pamoja na moyo, kisha aongoze hadi kupumua.

Hatua ya pili, kuhesabu (dakika 10). Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja apumue kama kawaida, mwenziwe ahesabu miinuko ya tumbo au mabega kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa 2. Wabadilishane. Hapa iko siri ya kisayansi ambayo mwalimu aieleze: mtu akizihesabu pumzi zake mwenyewe, huanza kuzibadilisha bila kujua. Ndiyo sababu ni heri ahesabiwe na mwenziwe.

Hatua ya tatu, maarifa mapya (dakika 10). Mwalimu aeleze kiwambo kwa mchoro, na wanafunzi waweke viganja tumboni wauhisi mwendo wake. Aeleze pia hewa inavyobadilika: hewa tuivutayo ina oksijeni asilimia 21 hivi, na tuitoayo ina asilimia 16 hivi, hali kabonidayoksaidi hufikia asilimia 4 hivi.

Hatua ya nne, zoezi (dakika 8). Mwalimu aongoze kilima cha pumzi kwa dakika 2. Asiamuru macho yafumbwe. Anayetaka afumbe, asiyetaka atazame dawati. Wawili wawili wahesabu tena.

Hatua ya tano, hesabu na majadiliano (dakika 7). Tuseme mwanafunzi alipumua mara 24 kwa dakika kabla ya zoezi. Pumzi yake moja ilichukua nukta ngapi? Gawanya 60 kwa 24, utapata nukta 2.5. Akifuata kilima cha 3 na 5, pumzi moja huchukua nukta 8, na kwa dakika atapumua mara 7 na nusu. Mwalimu aulize: "Ulijisikiaje?" Majibu yote yapokewe, hata lile la "sikusikia kitu".

7. Tahadhari

Kwanza, zoezi hili lisiwe adhabu. Mwalimu amwambiaye mtoto mtundu "simama pembeni upumue!" amekwisha kuliua.

Pili, mtoto mwenye pumu, mwenye mafua makali au aliyetoka kuugua asilazimishwe. Aonaye kizunguzungu aache mara moja na kupumua kama kawaida.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwalimu ajiulize kwanza ni kwa nini mtoto hatulii. Aliyekuja shule bila kula hahitaji pumzi, ahitaji uji. Asiyeona ubaoni ahitaji kuhamishwa dawati na kupimwa macho. Mwenye homa ahitaji zahanati. Na yule anayetetemeka kila jioni ikaribiapo saa ya kurudi nyumbani, au kila aitwapo na mtu mzima fulani, huenda anafanyiwa ukatili. Kumfundisha mtoto huyo kutulia, na kuishia hapo, ni kumfundisha kunyamaza. Mwalimu amsikilize faraghani, kisha apeleke habari kwa mwalimu wa malezi na kwa mwalimu mkuu bila kuchelewa, ili hatua zichukuliwe.

Nne, mwalimu asiahidi makuu. Nchini Uingereza yalifanyika majaribio makubwa ya kufundisha shuleni mazoezi ya utulivu wa fikra, ambayo usikivu wa pumzi ni sehemu yake, yakihusisha shule 85 za sekondari na wanafunzi zaidi ya 8,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba mafunzo hayo, yalipotolewa kwa kila mwanafunzi, yaliwafaidi kuliko mafundisho ya kawaida ya shule hizo kuhusu hisia na mahusiano. Tena wanafunzi wengi hawakuyazoeza nyumbani. Majaribio hayo hayakuwa ya zoezi letu hasa, lakini yatupa onyo: jambo jema likilazimishwa kwa wote hupoteza wema wake. Kupumua polepole ni msaada mdogo, wa dakika mbili, kwa mtoto autakaye. Hakuchukui nafasi ya andalio zuri, wala ya mwalimu mwenye huruma.

8. Kupima mafanikio

Utulivu hautolewi alama. Hata hivyo mwalimu makini hutunza kumbukumbu. Na achague wanafunzi watano ambao husita kusoma kwa sauti, na kwa muda wa wiki nne aandike kila asomapo mmoja wao: je, alianza mwenyewe au alihimizwa? Alisoma sentensi ngapi kabla ya kukwama? Siku nyingine atangulize zoezi la pumzi, siku nyingine asilitangulize, kisha alinganishe. Akiona tofauti, amepata chombo. Asipoiona, na awe mkweli ajaribu njia nyingine, kama vile kumruhusu mtoto asome kwanza mbele ya rafiki mmoja. Mwalimu anayepima kazi yake kwa uaminifu ni mtafiti, ijapokuwa hana shahada ya utafiti.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba simu yafaa kumfundisha mwalimu mwendo wa pumzi, na kwamba mwalimu ndiye anayeuhamisha mwendo huo kwa watoto kwa mkono, kwa chaki na kwa sauti. Simu ikiisha moto, somo haliishi. Mtoto aingiapo katika chumba cha mtihani haruhusiwi kuingia na simu, wala na mwalimu wake. Ataingia na kalamu, na kile alichokwisha kukifanya kuwa chake. Kilima chenye mwinuko mfupi na mteremko mrefu, kilichochorwa kwa kidole juu ya dawati, hakuna msimamizi atakayemnyang'anya.

Kazi kwa wanachuo

1. Mkiwa wawili wawili, hesabuni pumzi za kila mmoja kwa nusu dakika kabla na baada ya zoezi la dakika 5. Andikeni matokeo ya darasa zima katika jedwali na mtafute wastani.

2. Chunguza programu moja ya kupumua kwa kutumia maswali matano ya sehemu ya tatu. Je, ungependekeza mwenzako aitumie? Toa sababu.

3. Andaa zoezi la dakika 2 kwa ajili ya darasa la kwanza kwa kutumia zana isiyo na gharama inayopatikana katika mazingira ya shule.

4. Mwanafunzi wako mmoja huanza kulia kila mnapokaa kimya kufanya zoezi. Eleza hatua utakazochukua, kwa utaratibu, na utaje watu utakaowashirikisha.